Mwonjaji wa Jalebi

Sokoni Ruangwa, upande wa kituo cha mabasi, kuna dada anayekaanga jalebi kila jioni. Jirani naye hukaa mama mmoja wa zile familia za wafugaji waliohamia kwetu kutoka Kanda ya Ziwa, na ndoo zake za maziwa na mtindi amezifunika kwa vitambaa vyeupe. Ujirani huo si wa bahati. Dada hununua mtindi wa mama yule, akauchanganya na unga wa ngano na kuuacha ulale hadi kesho yake, na unga ukishaumuka hutoa harufu ya uchachu mwepesi, harufu ambayo ikikutana na mafuta ya moto na iliki haimwachi mtu apite. Mimi nilikuwa nikipita. Natoka kazini nimechoka, nina yangu kichwani, na kwa miezi kadhaa nilimsalimia dada yule bila kununua chochote. Siku niliyosimama, Ramadhani ilikuwa imekaribia, na nilisimama kabla sijajua kwa nini.

Nilimpelekea mama yangu fungu zima. Mama anaishi nami siku hizi, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena kukaa peke yake Nachingwea. Alifungua gazeti, akachagua jalebi moja, akaivunja na kuisikiliza ikivunjika, kisha akala taratibu akitazama dirishani. Alisema unga ulikuwa umelala sawasawa. Akaongeza kwamba Ba angeipenda.

Ba alikuwa mwanamke wa Kihindi mwenye duka la vitamu ambako mama alifanya kazi nilipokuwa mtoto. Jina hilo lilikuwa la wanawe, ndivyo walivyomwita mama yao kwa lugha ya kwao, na mji mzima ukalichukua likawa lake. Wanawe walikwenda Dar es Salaam na wengine mbali zaidi. Mumewe alikuwa amefariki. Yeye alibaki Nachingwea kwenye nyumba ile ndefu yenye baraza mbele na makazi nyuma, na alipoulizwa kwa nini hawafuati watoto wake, alijibu kwamba huko hakuna anayemjua mpaka ajitambulishe. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, cha sokoni, na alijua Kimwera cha kutosha kubishana na wakulima walioleta korosho zilizovunjika. Hizo za vipande ndizo alizozitaka. Maziwa yalikuwa adimu enzi zile, kwa kuwa mbung'o hawakuwapa ng'ombe nafasi, hivyo barfi, kitamu cha kukatwa vipande ambacho kwingine hupikwa kwa maziwa, kwake ilipikwa kwa korosho zilizotwangwa zikawa laini kama unga. Sijapata kula barfi iliyoishinda ile. Iliteleza ulimini kwanza, kisha ikaacha ladha ya korosho mbichi nyuma ya koo.

Mama ndiye aliyesimama kwenye karai. Alikamua unga kwa kitambaa chenye tundu, mkono ukizunguka haraka, na jalebi zikaandikika juu ya mafuta kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Zilipokauka aliziopoa na kuzizamisha kwenye shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji hadi ikawa nzito, na hapo zilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Ba alikaa upande wa pili akifinyanga ladu, vitamu vya mviringo vya dengu, zingali na joto, viganja vyake vimepakwa samli, kila ladu ikitoka sawa na mwenzake. Mimi nilikaa katikati yao, juu ya debe lililopinduliwa. Kama kuna mahali nilipofundishwa kwamba kazi inaweza kuwa nzuri kutazama, ni pale.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimetoka hospitali. Malaria ilikuwa imenipiga hadi damu ikapungua, na muuguzi alimwambia mama, mimi nikisikia, kwamba mtoto huyu ale, ale mara nyingi, na asiachwe na njaa hata kidogo, maana damu ikishuka tena kutakuwa na mambo mengine. Sikuyaelewa hayo mambo mengine. Mama aliyaelewa, kwa kuwa kitanda cha jirani yangu wodini kilikuwa kimeachwa wazi asubuhi moja. Mimi niliambiwa tu kwamba yule mtoto amekwenda kwao.

Wiki chache baadaye ukaandama mwezi wa Ramadhani. Mwaka huo nilikuwa nimeshaweka nia. Binamu yangu Shaibu, ambaye nilimzidi umri kwa kiasi kidogo lakini cha kutosha kujivunia, alikuwa amefunga siku nzima mwaka uliotangulia na tangu hapo akawa anazungumza kama mzee wa ukoo. Kwetu, anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na watoto humfuata barabarani wakimwimbia. Mtoto mdogo haimbiwi, kwa kuwa bado hajahesabiwa. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda changu. Nilitaka kuhesabiwa.

Kwa hiyo nilifunga kwa siri. Uji nilioachiwa nyumbani niliwamwagia kuku, muhogo nikauficha nyuma ya mtungi, na adhuhuri nikaanguka uwanjani kwa shangazi, mama yake Shaibu. Mama aliitwa kutoka dukani. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinikalisha mlangoni palipo na mwanga, akashusha kope langu la chini kwa kidole gumba, akatazama ndani ya jicho. Kisha akaninywesha maji nisiyoyataka, kikombe kikigonga meno yangu.

Kuanzia hapo alilishusha kope langu kila asubuhi. Niliamini kwamba alikuwa akitafuta uongo. Shaibu alinieleza, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kufunga, kwamba anayekula au kuacha kula kwa kuficha huonekana machoni, na mama zetu wanajua kusoma. Nikawa nafumbua jicho kwa hofu, nikijitahidi kuwaza mambo ya kweli. Kumbe mama alikuwa akitafuta wekundu, na kila asubuhi aliukosa.

Bado sikutaka kula. Nilikula akiwa amenisimamia, na akigeuka nikatema. Mama hakuweza kunisimamia siku nzima, alikuwa na karai la watu. Akaanza kunichukua dukani, na huko, kwa siku ya kwanza au ya pili, Ba alinitazama nikigeuza uso mbele ya kipande cha mkate. Siku iliyofuata aliniita kwa sauti aliyoitumia kwa watu wazima.

"Somoe, nina shida na wewe," alisema. "Mimi siwezi kuonja kabla Mungu hajatengewa. Mama yako amefunga. Jalebi zikitoka chachu, watu watafuturu nini?"

Nilisema sijui.

"Basi duka hili halina ulimi. Nilikuwa nafikiri tulifunge mpaka Idi."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa amezama kwenye karai lake kana kwamba hakusikia.

Ni lazima nieleze desturi ya Ba, maana ndiyo iliyonifanya niamini kila neno. Kila kitamu kilichopikwa siku hiyo, cha kwanza hakikuonjwa na yeyote. Ba alikiweka kwenye kisahani, akakipeleka kwenye kabati dogo lenye picha, taa na maua ya mchana ule, akasimama hapo muda akinong'ona. Nilikuwa nimeona hayo tangu nilipoanza kuona. Mama naye, mwanamke wa saumu na sala, hakuwahi kuyasemea chochote, isipokuwa aliniagiza mapema kwamba cha kwenye kisahani si chetu, na Ba mwenyewe alihakikisha sikigusi. Kilichokuwa changu kilitoka kwenye sinia. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mchana kutwa sikumwona Ba akila wala akinywa. Hata jasho lilipomtiririka kwa joto la majiko, hakugusa maji. Nikahitimisha, kwa mantiki ya mtoto ambayo haina pengo ukiitazama kwa jicho la mtoto, kwamba Ba naye anafunga.

Niliwaeleza hayo wenzangu wa chuo cha Kurani, tulipokuwa tukisubiri zamu ya kusoma. Walicheka. Ustadhi hakucheka, aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia Ba hali chakula, hanywi wala haonji. Alifikiri kidogo, akasema hayo ni baina yake na Mola wake, akanirudisha kwenye juzuu yangu.

Nikawa mwonjaji. Niliketi juu ya debe langu kwa uzito wa hakimu. Ba akisharudi kutoka kabatini, mama alinisogezea sahani: jalebi moja ya moto, pembe ya barfi, nusu ya ladu. Jalebi ya moto haina adabu. Ukiiuma ganda linapasuka, shira inamwagika ndani ya mdomo na nje yake, inafuata kidevu, inafuata mkono hadi kwenye kiwiko, na mtu mzima na akili zake anajikuta analamba kiwiko. Ladu ni tofauti. Ladu hutulia mdomoni kama jambo lililokwisha kuamuliwa, chembe za dengu zikiachana moja moja, na ghafla punje ya iliki inapasuka na kuamsha kila kitu. Wanawake wote wawili walinisubiri. Ba aliuliza neno moja tu, lile lile kila siku: "Vipi?"

Mwanzoni nilisema nzuri. Ba akanieleza kwamba nzuri si jibu, kila mtu anaweza kusema nzuri, na kipande kimoja hakitoshi kumpa mtu hakika. Basi nikala cha pili nikitafuta kosa. Nikaanza kusema shira ni nyepesi, iliki imekaa upande mmoja, ladu hii imekaukiwa. Walinisikiliza. Mama alirudisha sufuria jikoni, Ba akaongeza kijiko cha samli, na mimi nikaonja upya. Adhuhuri walinipa maandazi na kunde za kusafisha ulimi, wakisema ulimi mtupu hauonji sawasawa. Nikala kunde zote. Ilikuwa kazi.

Shaibu alipopata habari alikuja mpaka barazani kuhakikisha kwa macho. Alinitazama nikitafuna, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili kwamba huyu ni kobe wa kuajiriwa. Wenzake wakaushika wimbo. Nilishuka kwenye debe nikiwa na machozi, nikasema sionji tena. Ba alitoka nje na mwiko wake wa matundu mkononi. Alimwuliza Shaibu kama jana jioni alifuturu kwa jalebi. Shaibu alikiri. Alimwuliza kama zilikuwa nzuri. Shaibu alikiri hilo pia, akitazama mwiko.

"Aliyezionja ni huyu," Ba akasema. "Yeye ameacha thawabu yake ili wewe ufuturu vizuri. Ukitaka, kesho uonje wewe, na yeye afunge."

Shaibu aliondoka. Hakutaka kupoteza saumu yake, na jina la kobe lilipungua mtaani, ingawa halikuisha.

Haya yote niliyabeba kwa miaka mingi kama hadithi ya duka lililoniokotea heshima. Nilisoma, nikafika chuo kikuu, nikawasimulia wenzangu bwenini jinsi nilivyokuwa ulimi wa duka zima nikiwa na meno yasiyotimia. Hakuna aliyeniuliza swali lililokuwa wazi. Sikujiuliza mwenyewe pia, mimi niliyefundishwa kuhoji. Ni jioni ile ya Ruangwa, karatasi ya jalebi ikiwa kati yetu, nilipomwambia mama kwamba Ba alikuwa na bahati kunipata, mama akacheka hadi akashika ubavu.

"Kisahani kikishawekwa, nani alimkataza Ba kuonja?" aliniuliza.

Akachukua jalebi nyingine.

"Na alikuwa anaonja kwa vidole, wewe ukimtazama. Anashika shira, anaachanisha vidole, uzi ukisimama, imeiva. Tangu lini akahitaji mtoto?" Akanigeukia. "Ulikuwa mweupe ndani ya macho kama unga wa muhogo, Somoe. Ungefunga kitu gani?"

Alinieleza kwamba wazo lilikuwa la Ba, na kwamba yeye mwenyewe alilipinga. Aliogopa watu waseme amemfanya binti yake kobe mbele ya mji. Ba alimjibu kuwa mtoto anayetaka kuhesabiwa hatalishwa kwa kubembelezwa, atalishwa kwa kuhesabiwa. Ndipo mama akakubali, akageukia karai lake. Kuhusu maji, mama alisema Ba alikunywa na kula kama kawaida, huko nyuma nyumbani kwake, mlango umefungwa. Hakutaka kufanya hivyo mbele ya mtu aliyefunga na anayesimama kwenye moto wake. Hakuwahi kulitaja, wala mama hakuwahi kumshukuru. Mambo yao mengi yalikwenda hivyo.

Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Yalinipunguzia kitu, sitaficha, maana hakuna anayefurahi kuambiwa kwamba cheo chake cha kwanza kilikuwa uji wa mgonjwa uliopewa jina jingine. Baadaye yalinirudishia zaidi ya yalichochukua. Wanawake wawili, mmoja akiomba kwa namna yake na mwingine kwa namna yake, walikaa wakipanga jinsi ya kunifanya nile bila kuniaibisha, na walifanya hivyo wakipika kwa ajili ya mji mzima. Lakini kuna sehemu ya mwisho ambayo mama anaisimulia kwa namna yake na mimi kwa yangu, na hapo sikubali.

Mwezi ulikuwa umekwisha kuzeeka. Asubuhi moja mama alishusha kope langu, akatazama, akalishusha tena. Badala ya kuniachia, alinishika mkono tukaenda dukani haraka kuliko kawaida, akanisimamisha kwenye baraza na kumwita Ba. Ba akainama, akatazama ndani ya jicho langu kwa muda mrefu. Nilisimama wima nikiwaza mambo ya kweli kwa nguvu zangu zote. Waliangaliana juu ya kichwa changu, na Ba akafuta macho kwa upindo wa sari yake, akilalamika juu ya moshi ingawa majiko hayakuwa yamewashwa. Jioni mama aliniambia kwamba nikitaka, kesho nifunge.

Niliamini nimefaulu mtihani wa ukweli. Niliamshwa kula daku pamoja na wakubwa, na siku ile nikaketi juu ya debe bila sahani. Sitasema ilikuwa rahisi. Harufu niliyoizoea iligeuka mtu mwenye kusumbua. Ladu zilipita mbele yangu zikitoa mvuke, na nilimeza mate kisha nikaingiwa na hofu kwamba kumeza mate kunavunja saumu. Alasiri nilishikwa na wasiwasi mwingine, mkubwa zaidi. Nilimwuliza Ba nani ameonja.

"Hakuna," alijibu, akifinyanga.

"Na zikiwa chachu?"

"Zitakuwa chachu."

Jua lilipoanza kushuka watu walijaa barazani na vyombo vyao. Ba alisimama nyuma ya kaunta, na kwa kila mteja, kabla hajapokea chombo, alitangaza jambo lile lile bila kutabasamu: leo hazijaonjwa, mwonjaji wetu amefunga. Watu walinyanyua shingo kunitazama. Akina mama walisema mashallah. Shaibu, aliyetumwa na bakuli la kwao, alisikia yote akiwa amebanwa katikati ya watu, na alipofika mbele hakuwa na wimbo. Alinong'ona akiniuliza kama kichwa kinauma, na nilipokubali, alisema na chake pia kinauma, tena kila siku.

Nyuma yake alikuwepo Mzee Ausi, muuza nyama, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisifu kitu. Aliegemea kaunta.

"Amefunga huyu? Tangu daku?"

"Tangu daku," mama alijibu kutoka kwenye karai.

Mzee Ausi alinipima kwa macho, kama anavyopima paja la mbuzi. "Basi nijazie," alimwambia Ba. "Zikiwa mbaya nitanyamaza, leo tu."

Adhana ilitukuta wachache, wengine wamekwisha kukimbilia makwao. Mama alinipa maji, kisha tende, kisha jalebi moja. Ba alikuja mbele yetu, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akachukua jalebi kutoka kwenye sinia na kuishika, akinisubiri nianze. Niliona wazi kwamba na yeye anafuturu. Niliuma. Shira ilinishukia kidevuni.

"Vipi?" Ba aliuliza.

Nilitafuna hadi mwisho kabla ya kujibu, kama nilivyofundishwa. Nilisema ni chachu.

Mama anashikilia hadi leo kwamba ulimi wangu ulikuwa na njaa. Lakini mimi nilikuwepo, na nilimwona Ba akiuma yake, akifumba macho, akikunja uso kidogo upande mmoja.

"Chachu kweli," alisema. Akamgeukia mama. "Kesho huyu asifunge. Ataniharibia duka."

Walicheka wote, na mimi nikacheka nao, shira ikiwa imefika kiwikoni.

Kesho yake nilifunga.